Mzazi, binti yako anasoma hadithi gani za mapenzi?

WAZAZI wengi wakimkuta binti anasoma hadithi ya mapenzi kwenye simu, hupekua kurasa za chumbani. Wasipoziona, wanamrudishia simu na kuendelea na shughuli zao. Lakini humo kuna jambo jingine linalostahili jicho la mzazi, nalo linahusu afya.

Angalia jinsi mhusika mkuu wa kike anavyotambulishwa. Katika hadithi nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni mweupe, kiuno cha nyigu, umbo namba nane, na wanaume wanageuza shingo akipita. Mnene huwa rafiki wa kuchekesha watu, au shangazi mwenye roho mbaya. Hakuna aliyemwambia binti wa miaka 14 kwamba yeye hapendeki. Anajumlisha mwenyewe.

Wapo waandishi walioligusa jambo hili waziwazi. Mfano ni Bridget Jones's Diary, riwaya ya Mwingereza Helen Fielding iliyotoka mwaka 1996 na kufanywa filamu mwaka 2001. Bridget, mwanamke wa London aliyevuka miaka 30, huandika uzito wake kwenye shajara karibu kila siku. Mwaka unapoanza ana kilo zisizofika 59, uzito ambao kwa wanawake wengi ni wa kawaida kabisa. Yeye anauona mzigo. Baada ya kuhangaika miaka 18, anafikia kilo 54 alizozitamani. Anakwenda kwenye sherehe akisubiri sifa, lakini watu wanamuuliza kama anaumwa, na rafiki yake anamwambia alipendeza zaidi mwanzo.

Inachekesha. Ila binti aliye kwenye balehe anaweza kuondoka na zile kilo tu, asiupate utani. Hapo ndipo mzazi anapohitajika.

Msichana anapobalehe, mwili huongeza mafuta kwenye nyonga, mapaja na matiti. Huo ni ukuaji, si ugonjwa. Akianza kuruka milo ili arudi alivyokuwa, anakosa madini ya chuma katika umri ambao hedhi inamfanya ayahitaji zaidi. Matokeo yake yanaweza kuwa upungufu wa damu, uchovu darasani, hata hedhi kukatika. Anayetafuta weupe wa kwenye hadithi anaweza kuishia kwenye krimu yenye zebaki, ambayo huharibu figo. Anayetafuta namba nane anaweza kumeza vidonge vya mtandaoni asivyojua vimetengenezwa kwa nini.

Usimnyang'anye simu. Muombe akusimulie hadithi, kisha muulize: huyu kijana alimpenda lini, kabla hajapungua au baada ya kupungua? Kwenye filamu, Mark Darcy anamweleza Bridget kwamba anampenda hivyo hivyo alivyo. Katika hadithi anayosoma binti yako, je, ingewezekana? Majibu yake yatakuonyesha anavyojiona mwenyewe.

Na sisi nyumbani tuchunge ulimi. "Umenenepa hivyo, nani atakuoa?" ni maneno yanayosemwa sebuleni, mbele ya wageni, tena kwa kicheko. Hadithi inamwingia binti kwa urahisi kwa sababu inarudia aliyokwisha kuyasikia kwa shangazi, na kwa mama anayejilaumu kila akisimama mbele ya kioo. Msifie kwa bidii yake, akili yake na ucheshi wake, na chakula kiliwe pamoja bila kuhesabiana matonge.

Ukiona anakwepa chakula kwa wiki kadhaa, anajitapisha, anapungua haraka au hedhi imekatika, usimgombeze wala usisubiri apate akili. Mpeleke kituo cha afya, na umwache azungumze na mhudumu faragha.