Mtumishi wa Umma na Anywe Maji ya Umma

Umezuka katika ofisi zetu utaratibu ambao sasa umekwisha kuwa kama sheria. Hakuna kikao, semina wala warsha inayoweza kuanza kabla ya meza kupangwa chupa za plastiki za maji, moja mbele ya kila mjumbe, na mbili au tatu mbele ya mgeni rasmi. Kikao kikimalizika, nyingi huachwa zikiwa zimenywewa mafunda mawili tu. Mhudumu huzikusanya na kuzitupa. Kesho yake mzabuni huleta nyingine, na fedha za umma humlipa.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa makala. La hasha! Wanaopanga bajeti za maji, wanaosimamia miradi ya maji na wanaowafundisha watoto usafi wa maji ndio hao hao wanaoletewa chupa mezani. Ni haki wananchi wakiuliza: ikiwa wenye dhamana ya bomba hawanywi maji ya bomba, nani atalitengeneza?

Tuanze na hesabu, maana walimu watakubaliana nasi kwamba hesabu haina upendeleo. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000. Katika miji yetu mingi bei ya uniti hiyo kwa matumizi ya nyumbani haifikii bei ya chupa 10 za nusu lita zinazouzwa dukani. Chupa hizo 10 ni lita 5 tu. Kwa hiyo anayenunua maji ya chupa hulipa kwa kila lita zaidi ya mara 200 ya kile anacholipa mwenye bomba. Anayefanya hivyo kwa fedha yake mwenyewe ana hiari yake. Anayefanya hivyo kwa fedha ya umma hana budi kueleza sababu.

Na kinachonunuliwa kwa bei hiyo ni nini? Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola ilianza kuuza Uingereza maji yaitwayo Dasani. Mara ikabainika kwamba yalitoka katika mabomba ya kawaida ya Sidcup, London, yakasafishwa zaidi na kutiwa chupani. Kisha ikagundulika kwamba yalikuwa na kemikali ya bromati kupita kiwango kilichoruhusiwa, na kampuni ikalazimika kuondoa sokoni chupa zipatazo 500,000. Mwaka 2007 kampuni ya Pepsi nayo ilikubali, huko Marekani, kuandika kwenye chupa za Aquafina kwamba maji yake hutoka katika huduma ya maji ya umma. Tena mwaka 2024 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha Columbia walitangaza kwamba katika lita moja ya maji ya chupa waliyoyapima walikuta, kwa wastani, chembe 240,000 za plastiki. Madhara ya chembe hizo mwilini bado yanachunguzwa. Hata hivyo, imani kwamba kila kilichofungwa kwa kizibo ni safi kuliko kila kitokacho bombani ni kasumba tu.

Hatusemi kwamba maji yetu ya bomba hayana kasoro. Yanazo, na hapana faida kuzificha. Pale maji yanapotoka kwa mgawo, mabomba hubaki matupu, na uchafu wa nje huingia kupitia nyufa. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani kilitukumbusha gharama ya maji machafu. Katika sehemu za Arusha na mikoa jirani maji yana floraidi nyingi, inayoharibu meno na mifupa ya watoto, na kuyachemsha hakuiondoi. Anayeishi huko na akakataa maji hayo ana haki.

Lakini hapo ndipo hoja yetu ilipo. Mwenye mshahara akiona bomba lina kasoro hukimbilia chupa. Mwanafunzi anayekwenda shule na dumu la maji mkononi atakimbilia wapi? Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ofisa aliyekwisha kukata kiu yake kwa chupa hawezi kuliona bomba lililokauka kuwa ni jambo la leo. Litakuwa la mwaka ujao wa fedha, kisha la mwaka mwingine.

Mwaka 1971 Taifa hili lilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Lengo halikutimia. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikarudia mita zile zile 400. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water, na mwaka 2005 Serikali ikauvunja mkataba huo kwa sababu kampuni ilishindwa kazi. Tulikataa bomba letu kuwa mali ya mfanyabiashara. Yatupasa tujiulize kama hatumrudishi kwa mlango wa nyuma, akiwa amebeba katoni.

Aidha, tarehe 1 Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, na wananchi wakatii. Mama muuza mboga alibadili desturi yake kwa siku moja. Je, ofisi inashindwa kubadili ya kwake?

Yanayotakiwa si makubwa. Kila ofisi, chuo na shule iweke chujio au mtungi wenye koki, maji yaliyotibiwa au kuchemshwa, na bilauri safi. Kila mtumishi achukue chupa yake ya kudumu kutoka nyumbani. Maji ya bomba la ofisi yapimwe mara kwa mara, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Panapokutwa kasoro, fungu lililokuwa likinunua katoni litengeneze bomba hilo, na la shule iliyo jirani. Na mgeni rasmi anapokwenda shuleni apewe maji yale yale wanayokunywa wanafunzi. Kama hayafai kwa mgeni, basi hayafai kwa mtoto, na mkutano wa siku hiyo ujadili hilo kwanza.

Wakuu wa idara na walimu wakuu hawahitaji kungojea waraka. Waanze na kikao kijacho.