Umri wa Gari Haupimi Oili

Peleka gari la miaka 15 kwa fundi yeyote wa kando ya Naivasha Road, Kawangware, au Karanja Road, Kibera, na ushauri utakuja kabla boneti haijafunguliwa: gari hili limezeeka, boss, liwekee oili nzito. Namba 40, au 20W-50. Mwaga kila kilomita 5,000 na hutanirudia. Maneno haya yanasemwa na madereva, na wauza spea wa Kirinyaga Road, na wenye magari wenyewe, hadi yamekuwa sheria. Nawaheshimu mafundi wetu. Hufungua injini juani kwa spana chache na kuzirudisha barabarani zikinguruma vizuri. Lakini katika jambo hili wanakosea, na kosa lenyewe hulipwa na watu ambao injini ikinoki, karo ya watoto imekwenda nayo.

Ushauri huo una asili, na kuna wakati ulikuwa sahihi. Peugeot 404 zilizoshinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968, na 504 zilizozifuata na kubeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, zilikuwa na injini za muundo wa zamani: shafti ya kamu inasukuma tapeti moja kwa moja, chuma kikiteleza juu ya chuma. Oili nzito yenye zinki ya kutosha ndiyo iliyozilinda. Fundi aliyejifunza kazi kwenye injini hizo alimfunza mwanafunzi wake, naye akamfunza wake, na huku nyuma injini zikabadilika. Mwenye 504 au Datsun 1200 hadi leo aendelee na 20W-50 kwa amani. Injini yake iliundwa kwa oili ya aina hiyo. Mwaka ulioandikwa kwenye logbook hauhusiki.

Magari tunayoyaita makuukuu leo ni mengine kabisa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo mengi hushuka Mombasa yakiwa karibu na ukomo huo, na yakitimiza miaka 15 ndiyo kwanza yamezoea mashimo yetu. Chukua Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 na ambayo sasa hubeba mkate, mboga na watu katika mitaa yote miwili. Injini yake ya 1NZ-FE ina mtambo wa VVT-i, ambao hugeuza pembe ya shafti ya kamu kwa nguvu ya oili inayopita katika vijia vyembamba na kichujio kidogo cha waya. Toyota iliichagulia 5W-30. Kuipa namba 40 kavu kwa sababu ina miaka 15 ni kuitibu kwa cheti cha kuzaliwa.

Katika jina kama 5W-30, namba ya pili, ile 30 au 40 au 50, hueleza uzito wa oili ikiwa katika nyuzi 100, joto la kazi la injini. Katika kipimo cha SAE, namba 30 ni kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, namba 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti ni kubwa. Wapo wanaosema Afrika ni joto, na joto huilegeza oili, kwa hiyo tuongeze uzito. Lakini thamostati hushikilia maji ya injini karibu na nyuzi 80 hadi 90, iwe Osaka au Kibera. Na Nairobi si Garissa. Asubuhi ya Julai tunavaa makoti. Namba ya kwanza, yenye W, ni ya baridi, na hapa nawapa wapinzani wangu haki yao: 20W imepimwa kwa baridi kali kuliko yoyote tutakayoiona, kwa hiyo haitagoma kusukumwa alfajiri Kawangware. Gari litawaka. Swali ni kinachotendeka ndani katika dakika za kwanza.

Hapo ndipo taa ya oili huwadanganya wengi. Taa inawakawaka gari likisimama kwenye jam, fundi anaweka oili nzito, taa inazimika, kila mtu anafurahi. Lakini taa hiyo hupima presha tu. Presha hupanda oili inapokataa kupita, na beringi hupozwa na kulindwa na oili inayopita. Oili nzito ikiwa bado baridi, presha yake hufungua vali ya usalama kwenye pampu na sehemu ya oili inarudi chini kwenye sampu bila kufika juu. Filta nayo ina vali yake: oili ikishindwa kupenya karatasi kwa haraka, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Hivyo mtu anaweza kununua filta mpya, kisha kwa uzito wa oili akaizuia kufanya kazi kila asubuhi. Taa ikiwaka, la kwanza ni kupima presha kwa geji na kuangalia sensa, kiwango cha oili na wavu wa pampu. Fundi wa kweli hupenda kujua kwa nini taa imewaka kabla ya kuizima.

Injini iliyochakaa kwelikweli ni habari nyingine. Inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na presha yake iko chini kwa geji. Hiyo inaweza kupandishwa daraja moja, kutoka 5W-30 hadi 10W-40 au 15W-40, na mwenyewe akajua amenunua miezi, hajanunua uponyaji. Hata hapo chanzo kitafutwe. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, zilizo ndani ya Allion na Premio nyingi za 1.8, zilijulikana kwa kula oili kwa sababu matundu madogo kwenye pistoni huziba kwa kaboni na ringi hunata. Uzito hauzibui tundu. Injini kama hiyo huhitaji oili safi inayosafisha, imwagwe mapema, na kijiti cha kupimia oili kichomolewe kila wiki. Naamini injini nyingi mitaani hufa kwa kukaukiwa kuliko kwa oili iliyochoka, kwa kuwa watu husubiri siku ya sevisi ndipo wakumbuke kijiti.

Sasa hiyo kilomita 5,000. Gari linalokwenda Mombasa kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita hizo kwa saa 83 hivi za injini. Matatu ya 46 ya Kawangware, au ya namba 8 ya Kibera, ikihesabiwa jam, foleni ya steji na kusubiri abiria injini ikinguruma, haitapita wastani wa kilomita 15 kwa saa. Kilomita zile zile 5,000 zitaichukua saa 333. Oili imepikwa mara nne zaidi, imemeza masizi mara nne, na kitabu cha hesabu kinasema magari haya mawili yako sawa. Jenereta na trekta za dizeli, ambazo hazina kilomita za kuhesabu, kwa kawaida humwagwa oili kila saa 250. Matatu inayofanya kazi saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha saa hizo katika wiki tatu na nusu, ikiwa imetembea kilomita 3,750 tu. Na matatu nyingi mita ya kilomita ilikufa zamani, kwa hiyo hata hiyo 5,000 ni ya kukisia.

Upande wa pili, Probox ya mtu anayeishi Kibera na kuendesha hasa barabara kuu kwenda Nakuru haina haja ya kumwaga oili nzuri kila 5,000. Toyota nyumbani Japani huandikia injini za petroli zisizo na turbo kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake kwa kazi ngumu: vumbi, safari fupi fupi, kusimama injini ikiwaka. Sisi wengi tuko katika kazi ngumu, lakini si wote. Dizeli nayo imebadilika. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na asidi inayokula oili imepungua. Asiye na mita ahesabu mafuta anayonunua, maana lita zinazoungua hueleza kazi ya injini vizuri kuliko kilomita.

Wala rangi ya oili isimsumbue mtu anapopanga siku ya kuimwaga. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache baada ya kuwekwa kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi.

Linalonichoma zaidi ni lile neno kwamba oili nzuri ni ya matajiri wa Lavington, na ng'ambo ya pili ya barabara tutosheke na ya kupima kutoka kwenye pipa. Sibishani kwa ajili ya sintetiki. Matatu ya dizeli ya zamani inahudumiwa vizuri na 15W-40 ya kawaida yenye herufi za API CI-4. Herufi hizo ndizo ubora, na pipa halina herufi. Daraja la API SA, oili tupu isiyo na dawa, API wenyewe wanasema haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930. Mtu anayenunua "namba 40" bila kuuliza herufi anaweza kuuziwa hiyo. Kwenye chupa tafuta alama ya KEBS, kisha tuma SM# na namba ya kibali kwa 20023 uone kama ni ya kampuni iliyoandikwa. Chupa tupu itoboe. Ukiiacha nzima gerejini, inaweza kurudi dukani na oili iliyokwisha kutumika.

Kwa matatu kumebaki kikwazo kimoja, nacho ni pesa za siku. Dereva anatakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi kile kile, na saa mbili za gereji hukatwa mfukoni mwake, kwa hiyo sevisi husogezwa hadi Jumapili, kisha Jumapili nyingine. Mwenye gari aandike tarehe ya oili ukutani pale dereva anapoiona, na siku hiyo apunguze anachodai.