Rapa Akivuka Arobaini Tunamzika Akiwa Hai

Kuna uongo tumeurithi pamoja na jina. Huu muziki tuliuita "muziki wa kizazi kipya", na tangu siku hiyo tukajitia kitanzi wenyewe. Kitu kikishaitwa cha kizazi kipya, mwenye mvi akionekana ndani yake anakuwa mvamizi. Ndiyo maana rapa wa Kitanzania akifika miaka 40 tunaanza kumwita "legendi", na tukishamwita hivyo tumemalizana naye. Legendi hadaiwi albamu. Anaalikwa tamashani, anachana nyimbo mbili za mwaka 2001, watu wananyanyua simu kurekodi, anapewa "maua yake" kama wasemavyo siku hizi, anarudi nyumbani kulala. Maua, kwetu, tunajua yanapelekwa wapi. Tunazika watu wazima wazima, halafu tunajisifu kwamba tumewaenzi.

Mimi nasema hivi: albamu kubwa kabisa za rap ya Kiswahili bado hazijaandikwa, na wenye mali ya kuziandika ni hao tunaowazika, watu wa miaka 45, 50, 55. Kama hazitaandikwa, lawama ni ya redio, ni yetu sisi wasikilizaji na waandishi wa blogu za fasihi, na kwa sehemu kubwa ni ya marapa wenyewe.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Sasa chukua kanda ya Saleh Jabir ya mwaka 1991, ile iliyowaonyesha watu kwamba Kiswahili kinaweza kukaa juu ya biti ya Kimarekani. Ongeza 35. Unapata 2026. Kwa sera ya serikali yetu wenyewe, rap ya Kiswahili imefika ukomo wa ujana. Ni mtu mzima, ana watoto, pengine ana na deni. Kuendelea kuidai iongee kama mwanafunzi wa kidato cha nne ni kuikosea adabu.

Na tangu lini Kiswahili kikawa na mwiko wa umri kwenye ushairi? Mwana Kupona alimtungia bintiye ule utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na miaka miwili baadaye akafariki. Alikuwa amekaribia hamsini. Utendi ule usingeandikwa na msichana wa miaka 20, kwa sababu uzito wake wote uko kwenye kitanda cha ugonjwa na kwenye ile haraka ya mama anayejua kwamba muda umemwishia. Shaaban Robert alitupa kitabu kizima ambacho jina lake tu ni jibu kwa mjadala huu: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 akiwa na miaka 30, Karibu Ndani mwaka 1988 akiwa na 44, na Dhifa mwaka 2008 akiwa na 64. Soma hivyo vitabu vitatu kwa mfuatano uone mtu anavyokua ndani ya ubeti. Hakuna mhakiki aliyewahi kumwambia Kezilahabi "mzee, wapishe vijana". Sasa kama rap ni ushairi, na humu ndani tumeandika mara ngapi kwamba ni ushairi, kwa nini mshairi wa biti astaafu mapema kuliko mshairi wa kitabu? Nash MC aliipa albamu yake jina la Mzimu wa Shaaban Robert. Yeye aliuona huo undugu. Sisi tuliosomea fasihi tukapita kama hatujasikia.

Hata kwenye dansi hatukuwa na ujinga huu. Muhidin Gurumo alipotoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound katikati ya miaka ya 1980, alikuwa mtu wa arobaini na kitu. Aliendelea kupanda jukwaani hadi alipotangaza kustaafu mwaka 2013. Remmy Ongala alikuwa ameshavuka arobaini alipoimba Mambo kwa Soksi, na ule ujasiri wa kuongelea kondomu hadharani ulikuwa ujasiri wa mtu mzima, baba wa watu, aliyekwishaona watu wakifa. Wazee wa dansi waliachwa wazeeke na nyimbo zao zikazeeka nao. Rapa peke yake ndiye tunayemtaka abaki na umri wa picha iliyokuwa kwenye jalada la kanda.

Najua kuna watakaonitajia André 3000. Mwaka 2023, akiwa na miaka 48, alitoa New Blue Sun, albamu nzima ya filimbi bila mstari hata mmoja wa rap, akaeleza kwenye mahojiano na GQ kwamba kuchana katika umri wake kunaweza kuwa kama kujidanganya, maana hana la kusimulia, labda vipimo vya hospitali na macho yanayofifia. Namheshimu sana, ila hapo alijijibu mwenyewe bila kujua. Macho yanayofifia si mada? Vipimo unavyovisubiri kwenye benchi huku umeshika kikadi si mada? Mwana Kupona alijenga utendi juu ya hicho hicho. Jay-Z alikuwa na miaka 47 alipotoa 4:44 mwaka 2017, akaanika usaliti wake kwa mkewe bila kujipodoa. Roots Manuva wa London, aliyezaliwa 1972, alitoa Bleeds mwaka 2015 chini ya lebo huru, akiwa na miaka 43, na haikuwa albamu ya mtu anayejifanya kijana. Kwa hiyo inawezekana, na wenzetu wamefanya.

Nimetaja 1972 makusudi. Huo ndio mwaka aliozaliwa Joseph Mbilinyi, Sugu, ambaye huku Nyanda za Juu Kusini hahitaji utambulisho. Mwaka 2015 Roots Manuva alipokuwa anatoa Bleeds, Sugu alikuwa anarudi bungeni kwa awamu ya pili kama mbunge wa Mbeya Mjini. Angalia njia aliyopita huyu mtu. Ni Mimi ilitoka 1995, kisha albamu karibu kila mwaka, hadi Veto ya 2009. Mwaka 2006 alishaipa moja jina la Ujio wa Umri, na alikuwa na miaka 34 tu! Umri wenyewe ulikuwa bado haujaja. Ulikuja baadaye: bungeni 2010, kifungo cha miezi 5 mjini Mbeya mwaka 2018 kwa maneno aliyodaiwa kumtusi Rais, kushindwa uchaguzi 2020. Halafu Mei 2022 akatimiza miaka 50, na mwisho wa mwezi huohuo likafanyika tamasha la miaka 30 yake kwenye muziki, pale Serena, Dar es Salaam. Watu walivaa, walicheza, walikumbuka. Sawa. Ila mimi nauliza: Shaaban Robert baada ya miaka hamsini alituachia kitabu. Sisi kwa Sugu tumeridhika na usiku mmoja hotelini? Mtu amelala gerezani ndani ya jimbo lake mwenyewe, kati ya wapiga kura wake, na hatumdai hadithi hiyo beti kwa beti, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi? Tunadai nini basi?

Na Professor Jay. Mwaka 2001, kwenye Machozi, Jasho na Damu, alituwekea Ndio Mzee, yule mgombea anayeahidi mbingu na umati unaoitikia tu. Mwaka 2015 yeye mwenyewe akapanda jukwaani kuomba kura, akawa mbunge wa Mikumi hadi 2020. Nionyesheni mwandishi gani wa riwaya aliyepata zawadi kama hiyo kutoka kwa maisha: umemtunga mhusika, halafu baada ya miaka 14 unavaa suti yake. Nani mwingine anaweza kutuambia mgombea anasikia nini tumboni umati unapoitikia "ndio"? Kijana wa miaka 22 hawezi, hata akiwa na kipaji cha kutisha, kwa sababu hajasimama pale. Kisha ukaja ugonjwa wa mwaka 2022, Muhimbili, na mwaka 2023 akatoa Siku 462 pamoja na Walter Chilambo. Usikilize wimbo ule kama unavyosoma shajara. Jina lake ni namba, na namba ile ni siku za mtu kuhesabu kama atatoka. Huo ni mlango. Nyuma ya mlango ule kuna nyumba nzima, na mimi nataka kuingia vyumba vyote.

Sasa mtu atauliza: nani atanunua? Niko Isongole, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, kwenye baridi na viazi. Waliokuwa wananunua kanda za Hard Blasters na za Sugu wakiwa shule ndio hao wanaopakia viazi leo. Ndio walimu, ndio mafundi, ndio wenye bodaboda tatu walizokodisha. Wanapigwa lumbesa shambani, wanadaiwa mikopo ya kausha damu nyumbani. Wana presha. Wana mama mzee anayehitaji dawa kila mwezi na binti aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na bado yuko sebuleni. Hebu washa redio uniambie wimbo gani unawaongelea hao. Kuna mapenzi, kuna bata, kuna gari. Kizazi kilicholelewa na rap, kilichofundishwa na rap kwamba maisha ya kitaa yanastahili mistari, sasa kiko katikati ya maisha na hakina mstari hata mmoja unaokijua. Mimi sihesabu hilo kama burudani iliyokosekana. Watu wameachwa kimya kwenye miaka yao migumu kuliko yote.

Na soko la redio silo soko pekee. Enzi za kanda, rapa alikuwa anakabidhi masta kwa msambazaji wa Kariakoo, anapewa chake mara moja, habari imeisha. Leo mtu anarekodi chumbani, anauza moja kwa moja, hela inaingia kwenye simu. Nash MC amejenga jina kwa kujitegemea, na wenye kuzitaka kazi zake wanazitafuta hadi wanazipata. Rapa mkongwe hahitaji watazamaji milioni mbili. Anahitaji watu elfu chache waliokua naye, na hao anao tayari, wapo, wamechoka kurudiarudia nyimbo za zamani.

Kuna hoja ya adabu pia, kwamba wazee wapishe vijana wapumue. Huku Rungwe tunajua kupisha kuliko watu wengi. Wanyakyusa walikuwa na ubusoka, sherehe ambayo kizazi cha akina baba kilikabidhi uongozi kwa kizazi cha watoto. Lakini waliokabidhi hawakufukuzwa kwenye maana. Kazi za matambiko zilibaki kwao. Vijana walishika uongozi na ulinzi wa nchi, wazee wakabaki na yale maneno ambayo bila umri hayana nguvu. Huo ndio mgawanyo ninaoutaka. Vijana washike redio, washike matamasha, washike singeli na chati zote. Hakuna anayewanyang'anya. Ila neno zito lisipokonywe mwenye umri wa kulisema.

Nimesema lawama nyingine ni ya marapa wenyewe, na sitaimung'unya. Wakongwe wetu wengi wakirudi studio wanarudi na moja kati ya mawili. Ama wanakuja na kolabo na mtoto anayevuma mwezi huo, biti ya amapiano, jinzi iliyochanika magotini, na aibu tunaiona sisi. Ama wanakuja kulalamika dakika nne kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika. Jamani, kulalamika si mada. Mtu wa miaka 50 anayeongelea tu jinsi alivyokuwa mkali mwaka 1999 naye amekataa kukua, tofauti yake na yule wa jinzi ni nguo. Rap ilianza kwa kusema ukweli wa pale ulipo. Basi sema pale ulipo sasa. Sema kuhusu ndoa iliyovunjika na kosa lilikuwa lako. Sema kuhusu rafiki mliyeanza naye kundi na hamsalimiani. Sema kuhusu kura ulizokosa. Sema goti linauma ukipanda ngazi za jukwaa. Usituombe radhi kwa umri wako, na usitufokee nao.

Na sisi wa huku kwenye kurasa za fasihi tuache unafiki. Tunahakiki riwaya iliyotoka jana Ulaya kwa maneno elfu mbili, halafu albamu ya mtu mzima anayeandika kwa Kiswahili chetu tunaipa sentensi moja na alama ya moto. Ikitoka albamu ya namna hii, tuisikilize mara tano kabla ya kuandika. Tuhesabu vina, tupime picha zake, tumkosoe pale alipolegea. Mkongwe anayesifiwa tu hana tofauti na marehemu. Kumkosoa ndiyo ishara kwamba bado tunamtegemea aandike nyingine.