Tarehe ya kura isingoje mwezi kuandama: funzo la Makueni na Kitui



Wiki iliyopita nilikuwa soko la Kongowea kununua maembe. Mama ninayenunua kwake ni mtu wa Kibwezi, kaunti ya Makueni. Redio ya jirani yake ilikuwa ikizungumza habari za uchaguzi wa mwaka ujao. Akanitazama, akaniuliza: "Ustadh, nyinyi watu wa Pwani mbona hukaa bila mbunge mkanyamaza? Sisi seneta wetu alipofariki, tulipiga kura kabla machozi hayajakauka." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nilitoa kalamu nikahesabu siku. Mama yule hakukosea.

Seneta Mutula Kilonzo alifariki tarehe 27 Aprili 2013. Uchaguzi mdogo wa Makueni ulifanyika tarehe 26 Julai mwaka huo huo. Hesabu mwenyewe: ni siku 90 kamili, bila kuzidi hata moja. Na si kwamba mambo yalikuwa rahisi. Chama cha Wiper kilimsimamisha binti wa marehemu, wakili Kethi Kilonzo. Tume ya uchaguzi ikamzuia kwa hoja kwamba hakuwa amesajiliwa kuwa mpiga kura. Akaenda Mahakama Kuu, nayo ikakubaliana na tume, kura ikiwa imebakia kama wiki moja tu. Wiper ikamleta kaka yake, Mutula Kilonzo Junior, akashinda kwa kishindo.

Ukitafakari utaona kwamba mabishano yale yote yalimalizika kwa sababu tarehe haikusogea. Tume, chama na majaji wote walijua siku ya mwisho ni ipi, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuisukuma mbele. Hiyo ndiyo faida ya tarehe iliyowekwa na sheria. Dau la mnyonge haliendi joshi, wazee walisema, lakini tarehe ikishaandikwa kwenye Katiba, angalau mnyonge ana upepo kidogo.

Katiba yenyewe yasemaje? Kifungu cha 101 chasema uchaguzi mkuu utafanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Ndiyo maana tulipiga kura tarehe 8 Agosti 2017, kisha 9 Agosti 2022, na inshallah tutapiga tena tarehe 10 Agosti 2027. Rais hana ruhusa ya kuifanya tarehe hiyo siri yake, kama ilivyokuwa zamani chini ya Katiba ya kale. Kifungu hicho hicho chasema kiti cha mbunge au seneta wa kuchaguliwa kikibaki wazi, Spika ana siku 21 za kuiarifu tume kwa maandishi, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kuwa wazi. Isipokuwa kama imebaki miezi mitatu kufikia uchaguzi mkuu, hapo kiti husubiri.

Maneno ni mazuri. Sasa tutoke Makueni tuvuke mpaka tuingie kaunti jirani ya Kitui. Mbunge wa Kitui Magharibi, Francis Nyenze, alifariki tarehe 6 Desemba 2017. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 26 Machi 2018, na mjane wake, Edith Nyenze, akakirithi kiti. Kutoka siku ya msiba hadi siku ya kura ni siku 110. Zimezidi 20. Simshuku mtu, lakini hesabu ina jambo la kutuambia. Ukichukua siku 90 ukaongeza zile 21 za Spika, unapata 111. Katiba yasema "tangu kiti kuwa wazi", haisemi "tangu barua ya Spika kufika". Lakini mwanya upo, na kila palipo na mwanya maji hupita.

Siku 20 kwa Kitui Magharibi hazikumuua mtu. Tazama basi mwanya ule ulivyopanuka ulipofika kwetu. Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, Mungu amrehemu, alifariki tarehe 9 Machi 2020. Siku chache baadaye corona ikaingia nchini, na tume ikasimamisha chaguzi ndogo. Watu wa Msambweni walipiga kura tarehe 15 Desemba, wakamchagua Feisal Bader aliyekuwa mgombea huru. Hizo ni siku 281. Corona ilikuwa udhuru wa kweli, sikatai. Lakini ni nani aliyeweka kikomo cha udhuru huo? Hakuna.

Kisha likaja kubwa zaidi. Muda wa Wafula Chebukati na makamishna wenzake wawili ulimalizika Januari 2023. Wale wanne waliotofautiana naye juu ya matokeo ya urais nao waliondoka: watatu walijiuzulu na mmoja akaondolewa baada ya kuchunguzwa na jopo. Tume ikabaki jengo na wafanyakazi, bila kamishna hata mmoja. Mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, na wenzake waliapishwa tarehe 11 Julai 2025. Kwa miaka miwili na nusu hapakuwa na wa kutangaza tarehe. Mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, alifariki Machi 2023. Watu wake walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Huku kwetu Magarini, mahakama ilibatilisha ushindi wa Harrison Kombe wa mwaka 2022, na wananchi wakangoja hadi siku hiyo hiyo ya Novemba 2025 ndipo wakamrudisha. Siku 90 za Katiba ziligeuka kuwa miezi na miaka, na Katiba haikubadilishwa hata herufi.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Sisi Waislamu wa Pwani twaijua vyema shida ya kungoja tarehe. Kila mwaka twabishana juu ya mwezi: umeonekana Lamu, haukuonekana Mombasa, wengine wafuate Makka. Lakini pamoja na ubishi wote huo, hakuna Ramadhani iliyowahi kufika siku 35. Kwa nini? Kwa sababu tumepewa kanuni ya mwisho: mwezi usipoonekana, tunakamilisha thalathini, kesho yake ni Idi. Mawingu hayana uwezo wa kuizuia Idi, wala Kadhi akiwa safarini.

Kanuni ya kukamilisha thalathini ndiyo inayokosekana katika sheria yetu ya uchaguzi. Katiba imeweka siku 90, lakini haikusema siku ya 90 ikifika na wa kutangaza hayupo, nini kitatokea. Makueni mwaka 2013 walibahatika: tume ilikuwapo, mwezi ukaonekana. Banissa na Magarini walipata mawingu, wakafunga miaka.

Kuna wanaosema tuige Marekani. Kule kila jimbo lina sheria yake ya kupanga tarehe za mchujo na za uchaguzi mdogo, na majimbo hayafanani. Machi 2025 walifariki wabunge wawili, Sylvester Turner wa Texas na Raúl Grijalva wa Arizona, siku nane zikiwapisha. Arizona sheria ya jimbo imeweka idadi ya siku kwa mchujo na idadi ya siku kwa kura yenyewe. Wakafanya mchujo Julai na kura tarehe 23 Septemba. Texas gavana ana nafasi kubwa ya kuchagua siku. Akachagua tarehe 4 Novemba, na kwa kuwa hakuna aliyepata nusu ya kura, mshindi akapatikana duru ya pili, tarehe 31 Januari 2026. Gavana ni wa chama kimoja, kiti kilikuwa cha chama kingine. Funzo ni lile lile: sheria ikihesabu siku yenyewe, mwananchi hupata haki yake mapema, ikimwachia mwanasiasa ahesabu, atahesabu kwa vidole vyake.

Na tarehe ya mchujo nayo si jambo dogo. Mwaka 2017 huko Kitui, David Musila alikuwa mwenyekiti wa Wiper na alitaka tikiti ya ugavana. Mchujo wa Aprili ukampa tikiti gavana Julius Malombe. Musila akahama, akawania kama mgombea huru. Katiba, kifungu cha 85, yataka mgombea huru awe ametoka chamani miezi mitatu kabla ya kura, kwa hivyo mwisho wake ulikuwa mwanzo wa Mei. Mchujo ungefanyika wiki mbili baadaye, mlango huo ungekuwa umefungwa. Agosti ilipofika, Charity Ngilu wa Narc ndiye aliyechukua kiti. Sisemi Musila ndiye aliyempa Ngilu ushindi, nasema tarehe ya mchujo ndiyo iliyoamua majina gani yawe kwenye karatasi ya kura. Mwaka ujao, kura ikiwa ni tarehe 10 Agosti, mlango huo utafungwa karibu na tarehe 10 Mei. Vijana wetu wanaotaka viti Kwale, Kilifi na Lamu waitie tarehe hiyo akilini, na wawaulize viongozi wa vyama vyao mchujo ni lini, mapema, kwa maandishi.

Tufanyeje basi? Mimi naona mambo matatu, na wabunge wetu wa Pwani waweza kuyapeleka Bungeni wakitaka.

La kwanza, sheria iseme waziwazi kwamba siku 90 zinaanza siku kiti kilipokuwa wazi, barua ya Spika iwe imefika au haijafika.

La pili, siku hizo zikikaribia kwisha bila tangazo, tarehe ijitangaze yenyewe, na wafanyakazi wa tume waendeshe kura. Kuna watakaosema hakuna uchaguzi halali bila makamishna. Lakini mshindi wa ubunge hutangazwa na msimamizi wa uchaguzi palepale eneobunge. Ikiwa kuna udhuru kama wa corona, mahakama itoe nyongeza mara moja, yenye mwisho unaojulikana.

La tatu, makamishna wasiingie na kutoka kwa mkupuo. Kamishna hukaa miaka sita tu. Ethekon na wenzake waliapishwa siku moja, Julai 2025, kwa hivyo wakimaliza wote watatoka Julai 2031, mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi mkuu wa 2032. Mawingu yale yale yaanza kukusanyika, nasi twayaona.

Najua kasi ina gharama. Wapiga kura wa Makueni walipata wiki moja tu kumjua mgombea aliyewekwa mwisho. Lakini niulizeni mimi: wiki moja ya haraka, au miaka miwili na nusu ya kimya? Mtu wa Banissa na wa Magarini wana jibu.

Jumamosi nitarudi Kongowea inshallah, msimu wa maembe haujesha. Nitamwambia mama wa Kibwezi kwamba nilihesabu, na kwamba alisema kweli. Najua ataniuliza swali la pili: "Haya Ustadh, mmemwambia mbunge wenu?" Hilo, ndugu msomaji, nakuachia wewe unisaidie kulijibu.