Unyoya wa Kuku Katika Somo la Sayansi

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu maana ya kibadilika katika jaribio, naye atakutolea maelezo ya kitabuni kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mwambie akuonyeshe kimoja, atanyamaza. Kwa shule za Nyakato, zilizo karibu na Ziwa Viktoria, ukimya huo hauna udhuru.

Napendekeza ufundi ambao wengi wetu twaudhani kuwa ni starehe ya wageni: kufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoano mpaka ifanane na mdudu. Ufundi huo unahusiana na uvuvi wa trauti, samaki ambao Ewart Grogan aliwapandikiza katika mto Gura, Kenya, mwaka 1905. Lakini haukubaki mikononi mwa wageni. Mafundi wa Kenya wamefunga ndoano hizo na kuziuza ng'ambo kwa miongo mingi, na mtindo mmoja mweusi huitwa hadi leo Kenya Bug.

Mtindo wa asili huwa mmoja, lakini kila fundi huugeuza: rangi ya mwili, urefu wa mkia, uzito. Agezaye mambo matatu kwa mpigo hatajua ni lipi lililomvuta samaki. Hicho ndicho kibadilika, nacho chashikika kwa vidole.

Ningeanza na rangi, kwa kuwa ziwa letu lina habari yake. Katika maji yenye tope mwanga wa buluu hufifia upesi, na mwekundu huzama zaidi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza jinsi uchafu wa maji unavyowazuia furu kutambuana kwa rangi wakati wa kuchagua wenzi, na hivyo kuhatarisha wingi wa aina zao. Furu mmoja wa Mwanza, ambaye dume lake lina wekundu, amepewa jina la Nyerere: *Pundamilia nyererei*. Je, ndoano nyekundu na ya buluu zitadonolewa sawasawa palipo na tope? Sitatoa jibu, darasa na lilitafute.

Wapo watakaosema kwamba sangara hunaswa kwa chambo cha furu au kambale mchanga, na mvuvi wa Mwanza hana haja ya unyoya. Ni kweli, wala simfundishi mvuvi kazi yake. Nazungumzia shule isiyo na maabara.

Gharama ni ndoano ndogo za ukubwa mmoja, uzi wa cherehani, na manyoya ya jogoo mmoja. Mwalimu apate kwanza idhini ya afisa uvuvi, kisha avunje vijino vya ndoano ili samaki warudishwe wazima. Wanafunzi wahesabu midonoo kwa muda uliopimwa, wabadilishane ndoano ili mkono wa mmoja usiharibu hesabu, nao wasimame juu ya mwamba, wala si majini, kwa ajili ya kichocho.