Lusangi isiambiwe isubiri

Nyumba zinaongezeka kandokando ya barabara ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, na upande wa Lusangi watu wanadai maji, shule na kituo cha afya. Majibu wanayopewa hayabadiliki, na hayana ukweli.

La kwanza: mji wa Kasongo upate kwanza, vijiji vitafuata. Nani aliamua hivyo? Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme, wala haitofautishi mtu wa mjini na wa kijijini.

La pili linaniuma zaidi: eti tiba ya maana haiwezekani kijijini kwa kuwa hakuna daktari. Jibu lilitoka hapa hapa Kasongo. Katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerpen, Ubelgiji, ulisimamisha vituo vya afya vijijini mikononi mwa wauguzi. Muuguzi alitibu, akachanja watoto, akapima wajawazito. Hospitali ikabaki kwa wagonjwa waliomzidi uwezo. Kongo ilipogawanywa katika zoni za afya miaka ya 1980, uzoefu huo ulikuwa miongoni mwa misingi yake. Wataalamu wa nchi za mbali walijifunza kutoka kwetu, halafu mama wa Lusangi aambiwe haiwezekani?

Pesa hakuna, wanasema. Sheria ya Oktoba 2008 inazipa sekta na shefrie, yaani tawala za vijijini, pamoja na miji na komini, asilimia 40 ya fungu ambalo jimbo linapata katika mapato ya taifa. Pesa hizo hukwama Kinshasa na Kindu, makao makuu ya jimbo letu. Basi tuulize zimekwama kwa nani, na ofisi ya sekta ibandike mlangoni kila faranga inayofika.

Na lile la kwamba wanakijiji hawatunzi kitu, pompa inakufa mwaka haujaisha? Pompa zinakufa, kweli. Zinakufa kwa sababu mfadhili alileta chuma akaondoka, bila fundi wala vipuri. Pembezoni mwa Kinshasa na huko Mbuji-Mayi, vyama vya watumiaji wa maji huuza maji kwa bidoni, na pesa hiyo humlipa fundi na kununua vipuri. Kwa hiyo kabla kisima kingine hakijachimbwa Lusangi, kamati ichaguliwe, wanawake wanaochota maji wakiwamo, fundi wa hapo hapo afundishwe, na vipuri viwekwe dukani Kasongo.