Saa Iliyopima Moyo wa Ndizi

Ndizi ilikuwa na mapigo 74 kwa dakika. Presha yake 118 kwa 76. Oksijeni asilimia 98. Kwa ufupi, ndizi niliyonunua kwa mama mboga ilikuwa na afya kunishinda mimi mwenyewe.

Sikuwa nacheza. Ilikuwa usiku, nimekaa jikoni, nimetoka kumrudisha mama nyumbani kutoka kliniki. Nilivua saa yake mkononi, nikaivisha ndizi, nikabonyeza. Ule mwanga wa kijani ukawaka, ukafikiria kidogo, ukanipa namba. Nikajaribu roli ya tishu. Hiyo nayo ilikuwa hai.

Hiyo saa nilimnunulia mimi. Luthuli Avenue, shilingi 1,800 baada ya kuvutana bei, kutoka pesa ya kwanza ya maana niliyowahi kulipwa kwa kuandika. Mama ana presha tangu nikiwa darasa la saba. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya moyo na maneno kwamba inapima presha, oksijeni, usingizi, hadi sukari. Nikajiambia, leo hata mimi niliyeacha chuo nusu nimeleta kitu kwetu.

Miezi mitatu mama alikuwa akiamka, anaangalia mkono, anasema, "Leo niko sawa." Siku akiona 118 anaruka dawa, kwa sababu dawa ni pesa na saa haimwitishi kitu. Hakuniambia. Nilikuja kujua siku aliposhikwa na kizunguzungu ndani ya matatu. Nesi alimfunga ule mkanda wa kupulizwa hewa, namba ikatoka 182 kwa 106. Akaangalia saa, akamwangalia mama, akauliza kwa upole, "Mama, huyu ndiye daktari wako?"

Mama yuko salama. Nasema mapema ndio usisome hii ukingoja matanga.

Lakini tangu siku hiyo nikisikia mtu anaorodhesha maajabu ya saa janja za kesho, nasikia hasira. Unajua zile orodha. Saa itapima sukari bila sindano. Mkanda utakuwa na betri ndani. Mkanda utakuwa na sensa zake. Utafungua mlango, utalipa nauli, utajua una homa kabla hujajua. Hakuna anayeuliza swali la kishamba kabisa: hiyo saa itakuwa inamwambia nani ukweli?

Wacha nianze na jibu mnalonipa kila nikisimulia hii hadithi. "Bro, ulinunua feki. Nunua original." Sawa. Nilinunua feki. Na tuwe wakweli, original zinafanya kazi kubwa. Mwisho wa 2021 Huawei walitoa Watch D, ambayo mkanda wake una mfuko mdogo wa hewa unaojaa na kukubana kama ule wa kliniki. Hiyo ni akili. Samsung wanakuambia usawazishe saa yako na mashine ya kawaida ya presha kila siku 28, la sivyo usiiamini. Na Apple, walipoleta onyo la presha mwaka 2025, hawakuweka namba kabisa. Saa inaangalia mwenendo wa mishipa yako kwa siku 30, halafu ikishuku kitu inakuambia uende ukapimwe.

Umeona wanachofanana? Hawa wenye maabara na pesa ndio waoga zaidi wa kutoa namba. Saa ya shilingi 1,800 haina woga. Kuhusu sukari, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024: hakuna saa wala pete hata moja iliyoidhinisha yenye kupima sukari peke yake bila kutoboa ngozi. Hata moja. Na boksi langu liliandikwa sukari, kwa rangi ya dhahabu.

Kwa hivyo uwezo wa kwanza ninaoutaka kwa saa ya kesho si kipimo kipya. Nataka saa inayojua kusema "sijui."

Na hapa hata nyinyi wa original msitulie sana. Ule mwanga wa kijani unafanya kazi hivi: damu inameza mwanga wa kijani, kwa hivyo saa inaangaza ngozi yako na kuhesabu mwanga unaorudi. Moyo ukipiga, damu inajaa, mwanga unaorudi unapungua. Kitu kingine kinachomeza huo mwanga ni melanini. Yaani rangi yetu. Wino wa tatuu pia unauzuia, na Apple walilazimika kulikubali hilo mwaka wa kwanza tu wa saa yao, 2015, wazungu wenye tatuu walipolalamika. Jiulize ingechukua muda gani kama walalamishi wangekuwa watu wa Kayole.

Huu si umbea. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa Marekani waliopimwa oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole. Miongoni mwa wagonjwa Weusi ambao kifaa kilionyesha wako sawa, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli wamepungukiwa oksijeni vibaya. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Hivyo ni vifaa vya hospitali, vya kidoleni, si saa. Lakini angalia aina ya kosa. Kifaa hakikusita. Kilitoa namba nzuri, na mtu hana hewa.

Sasa tudai nini? Boksi liandike ilijaribiwa kwa ngozi za aina gani. Mwanga usiporudi vizuri, saa ikatae kutoa namba. Iandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ambazo mama anaweza kusoma bila miwani: "Sijapata kipimo. Nenda kliniki." Na serikali yetu nayo iamke. Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo yenye jukumu la vifaa vya tiba nchini. Kitu kinachodai kupima presha kinadai kuwa kifaa cha tiba. Aliyekileta athibitishe, au afute hayo maneno kwenye boksi aendelee kuuza saa. Simtaki muuzaji wa Luthuli ashikwe. Yeye pia anaamini boksi. Namtaka aliyeleta kontena.

Hiyo ni nusu ya hasira yangu. Nusu ya pili ilikuja usiku huohuo wa ndizi, nilipofungua simu ya mama kufuta ile programu ya saa.

Programu ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yake. Na meseji. Na mahali alipo, muda wote. Mimi ndiye niliyebonyeza "kubali" siku ya kwanza, kwa haraka, nikitaka aone maua yakicheza kwenye kioo. Kwa miezi mitatu kitu kisichojua tofauti ya mama yangu na ndizi kilikuwa kinajua marafiki zake wote, chama chake, na saa anayofika kanisani.

Fikiria hiyo biashara. Mwenye mkono anaambiwa uongo. Mtu mwingine, mbali, anaambiwa ukweli. Mtaani mtu wa hivyo tuna jina lake, na huwa hatumkaribishi chai.

Na hapa ndipo mikanda inaniogopesha kuliko saa. Mwaka 2018 Amazon walipewa hataza za mkanda wa mkononi unaofuatilia mkono wa mfanyakazi wa ghala uko wapi, na kutetemeka kumwelekeza anapokosea rafu. Hataza si kifaa, najua. Ni ndoto iliyoandikishwa. Mwaka huohuo kampuni ya bima ya maisha ya John Hancock kule Marekani ilitangaza kwamba bima zake zote sasa zitakuja na mpango wa kufuatilia mwendo wa mteja, ukitembea sana unapata punguzo. Mwaka 2025 Meta walianza kuuza miwani inayokuja na mkanda unaosoma ishara za misuli kwenye kifundo cha mkono, ukisogeza kidole kidogo tu inajua. Kwa mtu asiye na mikono inayotii, hicho kitu ni baraka, na sitakidharau. Lakini ishara za misuli zikishasomwa, mtu anaweza kutaka kuziweka. Na vitu vilivyowekwa huombwa.

Unasema hayo ni mambo ya ng'ambo. Haya, tuje nyumbani. Kenya ilishawahi kuwa na kifaa cha kuvaliwa. Kiliitwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika alitembea na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Huwezi kuacha kazi bila mwajiri kutia sahihi. Hayo ndiyo maisha yaliyomfanya Harry Thuku aanze kupiga kelele mwaka 1921, na watu wakapigwa risasi Nairobi Machi 1922 wakidai aachiliwe.

Sisemi saa ni kipande. Kipande ulilazimishwa, saa unaipanga foleni mwenyewe. Nasema tu kwamba kitu kinachokaa mwilini mwako na kusomwa na mwajiri tunakijua. Tena tunajua vizuri jinsi tunavyopanga foleni. Mwaka 2023 tulijaa KICC kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa kama shilingi 7,000. Sitawacheka waliopanga. Elfu saba ni kodi ya bedsitter. Serikali ilisimamisha ile shughuli Agosti, na ikachukua hadi Mei 2025 kwa Mahakama Kuu kuamuru hizo data zifutwe. Macho yalikuwa yameshapigwa picha zamani.

Kwa hivyo siku haiko mbali ambapo soja wa usiku, dereva wa lori au msichana wa kwenye greenhouse ataambiwa, "Vaa huu mkanda, ni wa afya yako." Utahesabu alilala saa ngapi. Utajua ana mimba kabla hajaamua kumwambia mtu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ya afya ni nyeti, na kwamba ridhaa lazima iwe ya hiari. Vizuri. Sasa niambie ni hiari gani anayo mtu wa mkataba wa mwezi mmoja mbele ya meneja aliyeshika boksi la mikanda. Wabunge waandike waziwazi: mwajiri haruhusiwi kumvisha mtu kifaa cha kusoma mwili wake. Kazi yenye hatari ya kweli ipewe masharti yake, na mfanyakazi awe wa kwanza kuona kinachosomwa.

Wenzetu wanajua kubargain. Google walipomaliza kununua Fitbit Januari 2021, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshawabana waahidi kwamba kwa miaka 10 hawatatumia data ya afya ya watumiaji wa Ulaya kwa matangazo. Hiyo ahadi yenye nguvu ya kisheria iliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Sisi wengine tulibaki na neno la kampuni. Mwili ni uleule, mkanda ni uleule, tofauti ni nani alikaa mezani.

Uwezo wa pili ninaoutaka, basi, ni saa inayojua kunyamaza. Kipimo kibaki mkononi. Kiende kwa simu nikitaka, kiende kwa daktari nikimpelekea mimi, kisiende kwingine. Mkanda uwe na kitufe cha kweli cha kuzima, cha kubonyeza kwa kidole, si kile cha kutafuta ndani ya menyu saba. Saa isiyo na intaneti iendelee kufanya kazi zote ilizoahidi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji uvumbuzi mpya. Vyote vinahitaji mtu kukosa pesa fulani, ndiyo maana huvioni kwenye zile orodha.

Nyinyi mnaotengeneza programu pale Ngong Road, mnaoandika uchambuzi wa vifaa, mnaopewa saa za bure mzijaribu kwa wiki mbili: anzeni na ndizi. Sifanyi mzaha. Ivishe ndizi kabla hujaisifu. Halafu fungua ukurasa wa ruhusa na utuambie inaomba nini. Dakika tano tu. Mtaokoa mama wa mtu.

Wangu alikataa kuitupa saa. Sasa ana mashine ya mkono wa juu, niliyolipia polepole, na namba za asubuhi anaandika kwenye daftari la chama, ukurasa wa nyuma. Juzi nikamuuliza, kama angepewa nafasi ya kuagiza saa ya kesho, angetaka ifanye nini. Akafikiria, akaigeuza mkononi.

"Itetemeke saa mbili usiku ninywe dawa," akasema. "Hiyo hata hii inaweza. Mengine nitauliza nesi."